Chelezo cha Mvuvi na Kanuni ya Archimedes

Chapwa ni mojawapo ya kata za Mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Msafiri apitaye huko kwa barabara kuu iendayo Zambia huona malori, maduka na mashamba ya mahindi, lakini haoni ziwa. Ziwa Rukwa, liupokealo Mto Momba, liko upande wa kaskazini, chini katika Bonde la Ufa. Ziwa Nyasa liko mashariki, ng'ambo ya milima. Hata hivyo, mvua zikishajaza mabwawa madogo ya kunyweshea ng'ombe na kuvinenepesha vijito, wavulana huonekana ukingoni na fito zao, na kila mmoja amefunga kwenye mshipi wake kitu fulani cha kumjulisha kwamba samaki amedonoa. Makala hii yahusu kitu hicho.

Katika likizo moja mwandishi alikaa ukingoni karibu na mvulana wa miaka kumi na mmoja hivi. Chelezo chake kilikuwa kipande cha kandambili kuukuu, kipana kama kiganja cha mtoto, kilichofungwa kilalie maji. Kwa muda wa saa nzima kipande kile kilitikisika, kikatulia, kikatikisika tena. Kila alipovuta mshipi alikuta ndoana tupu, chambo kimekwisha kuliwa. Hatimaye kilizama, naye akavuta kwa nguvu. Perege aliyetoka hakuwa mrefu kuliko kidole, na ndoana ilikuwa imeshuka hadi kooni. Mvulana alijaribu kuitoa kwa kijiti. Ilipotoka ilitoka na sehemu ya shavu. Akamrudisha samaki majini, naye akaelea tumbo juu.

"Mwalimu," alisema, "samaki wa hapa wana hila."

Hila haikuwamo. Samaki wale walikula kama samaki wa jamii yao wanavyokula popote pale, nacho chelezo kilishindwa kumpasha mvuvi habari mpaka habari yenyewe ilipokuwa imechelewa. Ili kuelewa kwa nini, yatupasa kuanza na kinywa cha samaki, kisha tuje kwenye hesabu.

Perege hang'ati chambo kama mbwa ang'atavyo mfupa. Hukisogelea, hufungua kinywa ghafla, na maji yaingiayo kinywani huchukua chambo pamoja nayo. Akiona kwamba kitu alichokinyonya ni kigumu, au kwamba kinamvuta nyuma, hukitema mara moja. Tendo lote hilo laweza kwisha katika sehemu ndogo ya sekunde. Zaidi ya hayo, samaki ana mstari wa ubavuni, nao ni safu ya viungo vidogo vya hisi vitambuavyo mitikisiko ya maji. Kwa hiyo mvuvi ahitaji kifaa ambacho samaki hatakihisi, nacho kimwonyeshe mvuvi mwendo mkubwa kutokana na mvuto mdogo. Mahitaji hayo mawili yaonekana kama yanapingana, lakini kwa kweli ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili.

Archimedes wa Sirakusa, aliyeishi katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa na kitu hicho. Chelezo kikielea kimetulia, uzito wake pamoja na vyote vinavyoning'inia chini yake ni sawa na kani hiyo. Samaki akivuta kwa kani ya ziada, chelezo hakina budi kuzama kidogo zaidi, hata kiondoe maji mengine yenye uzito sawa na mvuto wa samaki. Swali basi ni hili: kitazama kwa kina gani?

Jibu lategemea eneo la mkato wa chelezo pale kinapokatwa na uso wa maji. Sentimita 1 ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu 1. Tuseme kipande cha kandambili kina urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 3, nacho kimelala bapa. Eneo lake ni sentimita 15 za mraba. Samaki akivuta kwa uzito wa gramu 1, kipande hicho kitashuka sentimita 1 gawanya kwa 15, yaani milimita 0.7 tu. Hakuna jicho liwezalo kuuona mwendo huo kutoka ukingoni, hasa pakiwa na viwimbi. Na ikiwa unene wa sentimita 1 umebaki juu ya maji, samaki hana budi kuvuta gramu 15 ndipo kizame chote. Perege wa urefu wa kidole hubebeshwa mzigo huo huku ameshika kinywani kitu anachokitilia shaka!

Sasa tutwae mwiba wa nungunungu wenye kipenyo cha milimita 3, usimame wima majini. Nusu kipenyo ni sentimita 0.15, eneo la mkato ni sentimita 0.07 za mraba. Gramu ileile 1 ingeuzamisha kwa sentimita 14! Ikiwa ncha ya sentimita 2 imebaki nje, mvuto wa gramu 0.14 watosha kuizamisha kabisa. Kati ya chelezo cha kwanza na hiki cha pili tofauti ya wepesi wa kuitika ni zaidi ya mara 200, na maji ni yaleyale, samaki ni yuleyule.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba chelezo kizuri ni kile kieleacho sana. Ni kosa linaloeleweka, kwa kuwa jina lenyewe latokana na kuelea. Lakini chelezo cha mvuvi hakikutengenezwa kielee tu, kimetengenezwa kipime. Ni mizani. Kama mwalimu ataka ushahidi wa karibu, na aende kwa fundi wa betri za malori pale Tunduma amwombe haidromita, kile kichupa kipimacho ukali wa asidi ya betri. Ataona ndani yake kidude kinachoelea, chenye tumbo chini na shingo nyembamba juu. Shingo imefanywa nyembamba kwa sababu ileile iufanyao mwiba wa nungunungu kuwa bora: badiliko dogo la kani lilete badiliko kubwa la kimo. Lau ingekuwa nene, alama zake zingebanana hata zisisomeke.

Kuhusu vitu vya kutengenezea, mtu wa Chapwa hana haja ya kuagiza chochote. Nungunungu ni adui wa mkulima wa mahindi, lakini miba aiachayo njiani ni vyelezo vilivyokwisha tengenezwa: ngozi yake haipenyezi maji, ndani yake mna kitu chepesi kama sifongo, na ncha zake zimechongoka. Wavuvi wa Ulaya waliitumia miba hiyo kwa miaka mingi pamoja na nyoya za tausi zilizonyolewa. Tete nalo lafaa, almuradi likatwe nje ya vifundo viwili ili hewa ibaki imefungwa ndani. Moyo wa bua la mahindi, ule ambao watoto huutumia kuundia magari, ni mwepesi mno, lakini hunywa maji. Usipopakwa nta ya mshumaa huanza asubuhi ukiwa chelezo na kufika adhuhuri ukiwa chubwi. Na kandambili yenyewe si ya kutupwa, kama tutakavyoona.

Chelezo chembamba hakifai kitu kisipopakiwa vema. Maana yake ni kuongeza machubwi madogo kwenye mshipi mpaka ibaki nje ncha ya sentimita 1 au 2 tu. Wavulana wengi huacha nusu nzima ya chelezo ikiwa juu ili waione vizuri, nao kwa kufanya hivyo huirudisha kasoro ileile waliyotaka kuikimbia, kwani kila sentimita iliyo juu ni mzigo ambao samaki atatakiwa kuuvuta. Ncha na ipakwe rangi nyekundu, au nyeusi ikiwa maji yanang'aa kwa jua.

Hapa pana jambo ambalo mwandishi alilichelewa kulijua, naye analieleza kwa furaha. Si lazima samaki akila chelezo kizame. Mvuvi akirefusha mshipi kidogo ili chubwi la mwisho lilalie tope, sentimita chache kutoka kwenye ndoana, uzito wa chubwi hilo hubebwa na tope. Hebu tuseme chelezo kimepakiwa kiasi kwamba nusu ya uzito wa chubwi la gramu 1 yabebwa na tope na nusu yabebwa na chelezo. Perege huinamisha kichwa, hunyonya chambo, kisha huinuka akatafune. Akiinuka huliinua chubwi. Ghafla chelezo hupunguziwa gramu 0.5, nacho hupanda. Mwiba wetu wa nungunungu utapanda sentimita 7, hata pengine uanguke ulale juu ya maji kama mtu aliyechoka. Kandambili bapa ingepanda theluthi moja ya milimita. Mvuvi asiyeijua kanuni husubiri chelezo kizame, na huku samaki amekwisha kula, kutema na kwenda zake. Aijuaye huvuta wakati chelezo kinapopanda, na ndoana hukamata mdomoni.

Hata hivyo tusiusifu wembamba kupita kiasi. Katika kijito kinachokwenda kasi, mkondo huvuta mshipi na kuuzamisha mwiba mwembamba bila samaki yeyote kuugusa. Huko chelezo chahitaji mwili mnene kidogo sehemu ya juu, na mvuvi akubali kupoteza sehemu ya wepesi wake. Chambo kizito, kama donge kubwa la ugali au kipande cha samaki, nacho chataka chelezo chenye uwezo wa kukibeba. Na mbali ya mita 15 au 20 ncha nyembamba haionekani kabisa. Kwa upande wa viwimbi, kinyume cha watu wengi wadhanivyo, chelezo chembamba kilichopakiwa vema hakichezi sana. Kwa kuwa eneo lake la mkato ni dogo, kiwimbi kipitacho hupanda na kushuka kwenye shingo yake bila kukibeba. Kipande bapa hucheza na kila kiwimbi, na mvuvi hawezi kutofautisha upepo na samaki.

Mahali ambapo chelezo hakifai, mvuvi huweza kuutumia ufito wenyewe. Ufito ukiinama kwa mvuto, kiasi cha kuinama hutegemea sana unene wake: ncha yenye nusu ya unene huinama mara 16, kwa kuwa unene huingia katika hesabu kwa kipeo cha 4. Ndiyo sababu ncha ya ufito wa mwanzi yaweza kuonyesha mdonoo ambao shina lake halionyeshi hata kidogo. Kama ncha ni nene, funga mbele yake chelewa moja iliyochomolewa katika ufagio, mshipi upite kwenye kitanzi cha uzi kilicho mwishoni mwake. Wavuvi wa mashindano huko Uingereza hununua ncha za namna hiyo zilizotengenezwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni. Chelewa hufanya kazi ileile, ila huvunjika upesi, nayo bei yake hairuhusu manung'uniko.

Njia nyingine ni kuacha mshipi ulegee kati ya ncha ya ufito na maji, kisha kubandika juu yake kidonge cha ugali cha gramu 2 hivi, au karatasi iliyokunjwa. Mshipi huinama pale katikati. Samaki akiondoka na chambo, kidonge hupanda. Akija upande wa mvuvi, kidonge hushuka. Ni kifaa kisicho na gharama, nacho huonyesha pande zote mbili, jambo ambalo kengele haiwezi kulifanya. Adui yake ni upepo.

Kuhusu kengele ndogo zifungwazo kwenye ncha ya ufito, mwandishi hana maneno mengi. Kengele hailii mpaka ncha itikiswe kwa nguvu, na kwa samaki wadogo maana yake ni kwamba habari huletwa baada ya msiba. Lakini kwa kambare ni jambo lingine. Kambare hula sana usiku, wakati chelezo hakionekani. Hutafuta chakula kwa sharubu zake, kwa kugusa na kuonja, naye hukimeza bila wasiwasi mwingi na kuondoka nacho. Huyo hupiga kengele mwenyewe.

Wanafunzi wa umeme wataweza kutengeneza kengele yao. Twaa kibanio cha nguo, viringisha waya wa shaba kwenye kila mdomo wake, unganisha na betri za tochi na balbu. Katikati ya midomo weka kipande cha plastiki kilichofungwa kwenye mshipi. Samaki akivuta, plastiki huchomoka, waya hugusana, balbu huwaka. Kifaa hicho hupendeza sana darasani. Lakini kabla ya kwenda nacho bwawani, kishike kwa mizani ya springi na upime kani inayohitajika kuichomoa ile plastiki. Utaona kwamba kibanio hubana kwa nguvu nyingi mno, nyingi hata kuliko ile kandambili.

Tatizo hilo lilitatuliwa na mhandisi wa Uingereza, Richard Walker, aliyebuni king'ora cha umeme cha wavuvi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika kifaa cha namna hiyo samaki havuti kizuizi chochote kigumu. Mshipi, ulioachwa uende bila kuzuiliwa, huegemea tu waya mwembamba, na waya huo ukisukumwa kidogo hufunga mzunguko wa umeme. Alfajiri ya tarehe 13 Septemba 1952, katika bwawa la Redmire, Walker alimvua samaki wa jamii ya karpi mwenye uzito wa ratili 44, yaani karibu kilo 20, na rekodi hiyo ya Uingereza ilidumu hadi mwaka 1980. Samaki hakuliwa, alipelekwa akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya London. Vying'ora vya siku hizi hutumia gurudumu dogo lenye sumaku, ambalo huzungushwa na mshipi na kuamsha sauti kila mshipi usogeapo kidogo tu.

Tusisahau kifaa kikongwe kuliko vyote, yaani kidole. Mvuvi wa pwani akaaye ndani ya ngalawa hupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, naye hutofautisha mdonoo na mwamba bila kutazama. Ugumu wake ni kwamba mshipi wa nailoni hunyumbuka. Mdonoo mdogo kwenye kina kirefu huishia katika kuunyoosha mshipi kabla ya kufika mkononi. Mshipi mfupi na uliotanda vema husema kweli zaidi.

Machubwi mengi hutengenezwa kwa risasi, na hapa walimu waangalie. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Huko Uingereza ilionekana kwamba mabata-maji makubwa wa shingo ndefu walikuwa wakifa kwa kumeza machubwi yaliyopotea, na tangu mwaka 1987 uuzaji wa machubwi madogo ya risasi ulipigwa marufuku. Mwanafunzi asiruhusiwe kamwe kuyeyusha risasi ya betri kuukuu wala kubana chubwi kwa meno. Nati ndogo, waya wa shaba au kijiwe kilichofungwa hutosha. Tena mvuvi asisimame ndani ya maji ya bwawa, kwa ajili ya kichocho. Na ashukapo kuvua Rukwa akumbuke kwamba mamba naye ni mvuvi, wala hahitaji chelezo.

Shule iliyo mbali na ziwa yaweza kulifanya somo lote hili katika ndoo. Mizani nyingi za shule hazipimi sehemu za gramu kwa uhakika, kwa hiyo twaa waya mwembamba wa shaba wenye uzito wa gramu 10, ukate vipande 100 vilivyo sawa; kila kimoja kitakuwa cha gramu 0.1. Simamisha chelezo katika ndoo, vitundike vipande kimoja kimoja kwenye sehemu yake iliyo nje ya maji, na pima kina kila mara. Wanafunzi wachore grafu. Kwa chelezo chenye unene mmoja watapata mstari ulionyooka, na mwinamo wake utawapa eneo la mkato hata bila kulipima. Kwa mwiba wa nungunungu, kuanzia pale unapoanza kuchongoka, mstari utapinda; waulizwe kwa nini. Kisha waitundike shaba ileile chini ya maji badala ya juu, nao wataona kwamba kina hupungua kwa takriban sehemu 1 ya 9, kwa sababu shaba nayo husukumwa juu na maji.

Yule mvulana wa bwawani alirudi kesho yake. Kwa wembe alikuwa ameikata kandambili ileile kuwa kijiti cha urefu wa sentimita 12 na unene wa nusu sentimita kila upande, akapenyeza chelewa katikati ili kisipinde, na kukifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli upande wa chini. Eneo la mkato lilikuwa limeshuka kutoka sentimita 15 za mraba hadi robo ya sentimita. Chubwi lake lilikuwa nati, nalo alililaza topeni. Baada ya muda mfupi kijiti kilipanda, kikalala. Alisita, kwa kuwa mazoea yalimwambia asubiri kizame, kisha akavuta. Perege alikuwa na ukubwa wa kiganja, na ndoana ilikuwa imeshika ukingo wa mdomo. Wa pili alikuwa mdogo. Aliichomoa ndoana kwa vidole viwili, akamshusha samaki majini, naye akapiga mkia na kutoweka.

"Shikamoo mwalimu," akasema, kwani mara ya kwanza alisahau kuamkia.